Daftari la Februari

Saa sita ya usiku, mwezi wa Juni,
na jua la Oulu limeegemea paa la jirani
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimekaa sakafuni, miguu peku,
bisibisi mdomoni,
ubavu wa kompyuta uko wazi
na daftari la kaka yangu Urho limelala gotini.

Mwandiko wake ni wa mtu anayekimbilia treni:
"Viini vyote vinane, tano nukta tatu.
Volti, moja nukta mbili saba.
Imesimama. Usiku kucha imesimama."
Neno la mwisho kalipigia mstari mara mbili,
karatasi ikatoboka.

Kwangu haisimami.
Inapanda hadi tano nukta tatu, inapumua kidogo,
inaporomoka nne nukta sita,
inapanda tena, inashuka,
kama mtoto anayeonja maji ya beseni kwa kidole.
Na ramani ya kina cha bandari,
inayotakiwa Jumatatu na Bi. Hietala asiyejua kusamehe,
inasota kwenye asilimia thelathini na moja.

Nilianza pale wanapoanzia wote.
Nikakwangua pasta ya zamani, ngumu kama ukoko,
nikapaka mpya, kiasi cha punje ya dengu,
nikakaza skrubu nne kwa mshazari, zamu kwa zamu.
Shukrani yake: nusu dakika ya utulivu.
Nikaongeza volti.
Joto likagonga tisini na tano, kasi ikakatwa papo hapo.

Nikapunguza volti,
na hapo nikadhani nimeshinda:
tano nukta tatu, tuli, haitikisiki.
Nikapiga kofi la furaha, paka akatoroka.
Lakini ramani ilizidi kuchelewa.
Namba imesimama, kazi imelala.
Kumbe prosesa ikipungukiwa umeme
haizimi wala hailalamiki;
inavuta mapigo yake yawe marefu
huku ikitangaza kasi ile ile.
Namjua mwanamume wa namna hiyo.
Niliishi naye miaka sita.

Saa nane nikampigia Urho.
Siku hizi yuko Kiruna, zamu ya usiku mgodini;
nyuma ya sauti yake mawe yalikuwa yakisagwa.
"Umekagua kikomo cha umeme?"
Nimekagua.
"Feni?"
Zote tatu zinazunguka.
"Bayosi?"
Mpya.
"Basi sijui," akasema,
na Urho kusema sijui
ni jambo la kuwekewa tarehe.

Tarehe.
Nikarudi kwenye daftari, pembeni kabisa,
mahali ambapo jicho langu lilikuwa likiruka
kama mguu unavyoruka kizingiti kilichozoeleka:
tisa Februari.

"Urho, ulikuwa umefungua dirisha?"
Kimya. Mawe yakasagwa.
"Nusu tu," akasema.
"Nje ilikuwa ishirini na saba chini ya sifuri.
Nilivaa koti na soksi jozi mbili.
Helvi alihamia jikoni na godoro lake."

Hakuliandika dirisha.
Aliandika volti hadi tarakimu ya tatu,
akaandika chapa ya pasta, hata bei yake,
ila ile baridi iliyombebea mzigo wote
haikupata hata mstari.
Sikumlaumu. Nani huandika hewa?

Nikashusha hadi tano kamili,
nikarudisha volti nilizokuwa nimeinyima,
nikachemsha kahawa nisiyoihitaji.
Themanini na moja. Themanini na mbili.
Themanini na moja.
Ramani ikafika hamsini, ikafika sabini,
mifereji ya bandari ikajichora mmoja mmoja.
Paka akarudi, akajilaza penye upepo wa moto
unaotoka nyuma ya kompyuta.

Chini ya maneno ya Urho nikaandika:
"Juni. Chumbani digrii ishirini na sita.
Dirisha wazi, mbu wengi.
Tano kamili.
Imesimama, mpaka sasa."
Mstari sikupiga.